Mwangwi kwenye Sauti ya Kuimba: Uunase Pamoja na Sauti au Uuongeze Baadaye?

Mtu anayerekodi sauti ya kuimba kwenye kinasa cha kidijitali chenye traki nyingi, kile kinachokaa mezani na kuhifadhi kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu bila kuhitaji kompyuta, hufika mapema kwenye uamuzi mmoja mgumu. Mwangwi anaousikia kwenye hedifoni uingie kwenye traki pamoja na sauti, au ubaki nje na kuongezwa wakati wa kuchanganya, yaani kuziunganisha traki zote kuwa wimbo mmoja? Swali hili huonekana dogo kwa sababu kwenye mashine hujibiwa kwa kubonyeza kitufe. Hata hivyo, jibu lake ndilo linaloamua kama mstari ulioharibika utarekebishika wiki ijayo, kama mwimbaji ataimba kwa kujiamini, na kama maneno yatasikika sawasawa kwenye redio ya gari na spika ya simu.

Hapa nalinganisha njia nne: kunasa sauti ikiwa tayari imetiwa mwangwi, kunasa sauti kavu (isiyo na mwangwi) huku mwangwi ukisikika masikioni tu, kunasa sauti kavu na kuuweka mwangwi peke yake kwenye traki zake, na kutumia mwangwi wa jengo lenyewe. Zote nne zimewahi kutoa kazi nzuri, na zote nne zinaweza kuharibu wimbo.

Mahali mwangwi unapokaa ndani ya mashine

Vinasa vingi vya aina hii vina sehemu mbili za kuweka athari za sauti. Ya kwanza imepachikwa njiani, kati ya maikrofoni na traki, kwa hiyo kila kinachopita hapo hunaswa kikiwa kimeshabadilishwa. Ya pili iko pembeni: kila traki hutuma kiasi fulani cha sauti yake kwenye mwangwi mmoja wa pamoja, na mwangwi huo hurudi kwenye sauti ya jumla bila kuigusa traki yenyewe. Vinasa vya Boss vya mfululizo wa BR na vile vya Zoom vya mfululizo wa R, kama R16 ya mwaka 2009, vimejengwa hivyo. Athari ya njiani hunaswa, na ya pembeni husikika tu mpaka siku ya kuchanganya. Kwenye R16 unaweza pia kuifanya athari ya njiani iwe ya kusikiliza tu, ili traki ipokee sauti kavu.

Wengi wanaoshangaa kwamba mwangwi umeganda kwenye sauti na hautoki, au kwamba waliusikia wakati wa kurekodi kisha ukatoweka walipohamishia faili kwenye kompyuta, hawakujua walikuwa wanatumia sehemu ipi kati ya hizo mbili. Jaribio la kujua ni fupi. Imba mstari mmoja, simamisha, shusha hadi sufuri kiasi ambacho traki hiyo inatuma kwenye mwangwi, kisha uicheze. Kama mwangwi bado upo, basi umenaswa, ama kutoka kwenye mashine ama kutoka kwenye chumba.

Vigezo

Nimepima kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni kile mwimbaji anachokisikia, kwa kuwa sauti iliyoimbwa kwa hofu haiponywi na kifaa chochote. La pili ni uhuru wa kubadili mawazo baadaye. La tatu ni urahisi wa kurekebisha mstari au neno moja. La nne ni traki zinazotumika, jambo zito kwa mwenye kinasa cha traki nane. La tano ni usikivu wa maneno.

Hili la tano lina uzito wa pekee kwa wanaoimba kwa Kiswahili. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na mwangwi hupenda irabu. Kila irabu huacha mkia unaoifunika konsonanti inayofuata, hivyo mstari wa haraka wa Bongo Flava unaweza kugeuka mvumo usiofahamika kwa mwangwi uleule ambao ungeupamba ubeti wa taarab unaovutwa polepole.

Chumba kwanza, kabla ya njia yoyote

Wanaosema wanarekodi sauti kavu mara nyingi hawarekodi sauti kavu. Mwanafizikia Wallace Sabine, aliyeanza mwaka 1895 kuchunguza ukumbi wa mihadhara wa jumba la sanaa la Fogg katika Chuo Kikuu cha Harvard, alituachia kanuni inayoweza kupigwa hesabu na yeyote: zidisha mita za ujazo za chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya uwezo wa nyuso zake kumeza sauti. Utapata makadirio ya sekunde ambazo sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 3, kuta za tofali za saruji zilizopakwa rangi, sakafu ya saruji na dari ngumu. Ujazo wake ni mita za ujazo 36, nyuso zake zina eneo la mita za mraba 66, na tukikadiria kwamba zinameza asilimia 5 tu ya sauti, mwangwi unachukua takriban sekunde 1.8. Huo ni urefu wa mwangwi wa ukumbi, umejificha ndani ya chumba cha kulala. Umbali ambapo sauti ya mdomoni na mwangwi wa chumba hicho vinalingana nguvu ni kama robo mita tu. Mwimbaji akirudi nyuma kidogo kutoka kwenye maikrofoni, chumba ndicho kinachoimba.

Leta magodoro, mablanketi mazito na mapazia yanayoweza kuongeza kama mita za mraba 12 za kumeza sauti, na mwangwi unashuka hadi karibu sekunde 0.4, na umbali ule unazidi nusu mita. Maikrofoni inayosikia zaidi upande wa mbele, kama zilivyo nyingi za kuimbia, huurefusha umbali huo kwa takriban mara 1.7. Ikiwa chumba chako hakijavalishwa chochote, njia tatu za kwanza zitakupa matokeo yanayokaribiana, kwa sababu tayari umeshanasa mwangwi usiouchagua. Ningemshauri mtu yeyote atumie jioni moja kuning'iniza mablanketi kabla ya kutumia saa moja kwenye menyu za mashine.

Njia ya kwanza: kuunasa mwangwi pamoja na sauti

Njia hii ina historia ya heshima. Mwaka 1947 fundi wa kurekodi Bill Putnam alitumia choo cha studio yake huko Chicago kuwa chumba cha mwangwi. Alitoa sauti kwa spika, akainasa upya kwa maikrofoni, na uamuzi ukawa umefungwa siku hiyohiyo. Tascam walipotoa Portastudio 144 mwaka 1979, iliyonasa traki nne kwenye kaseti ya kawaida, watumiaji wake nao walilazimika kuamua mapema, kwa kuwa hapakuwa na traki za kuahirishia mambo.

Masikioni mwa mwimbaji, hii ndiyo njia ya kweli kuliko zote. Anachokisikia ndicho kitakachobaki, kwa hiyo anaimba akishirikiana na mwangwi: anaachia mwisho wa mstari mapema ili mkia uumalizie, au anaacha pumzi kubwa kati ya mistari miwili. Mwimbaji wa taarab au wa kaswida ambaye huivuta irabu moja kwa noti nyingi hupata msaada mkubwa hapa.

Uhuru wa kubadili haupo. Mwangwi unaweza kuuongeza, huwezi kuutoa. Programu za kompyuta zinazopunguza mwangwi uliokwisha kunaswa zipo, lakini huacha alama, hasa kwenye herufi kama s na sh. Kuna pia tatizo linalochelewa kuonekana: ukiiwekea sauti hiyo kompresa wakati wa kuchanganya, kompresa huminya sehemu zenye nguvu, na unapoinua sauti ya jumla kufidia, mikia ya mwangwi hupanda nayo. Mwangwi uliokuwa wa wastani siku ya kurekodi unakuwa mzito siku ya kumaliza.

Kurekebisha ni kugumu. Ukiingiza upya neno moja katikati ya mstari, mkia wa neno la zamani hukatwa ghafla na sikio huligundua kovu hilo mara moja. Dawa yake ni kurudia kutoka pumzi hadi pumzi na si neno kwa neno, tena mahali ambapo kimya ni kirefu kuliko mkia. Kifaa cha kunyoosha noti nacho huchanganyikiwa, kwa kuwa noti iliyopita bado inasikika chini ya noti iliyopo.

Kwa traki, ni njia nafuu: traki moja tu, ingawa mwangwi uliobanwa kwenye traki moja hupoteza upana wake wa kushoto na kulia. Kuhusu maneno, mwangwi mfupi ulionaswa kwa kiasi kidogo hauna madhara, ila mrefu hauna mlango wa kutokea.

Inamfaa anayeijua sauti anayoitaka kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, mwenye wimbo wa ala chache, au anayerekodi wazo la haraka lisilokusudiwa kuchanganywa tena. Inamfaa pia mwimbaji ambaye mwangwi ni sehemu ya uimbaji wake, kiasi kwamba bila huo angeimba wimbo mwingine.

Njia ya pili: kunasa kavu, mwangwi masikioni tu

Hapa mwimbaji anausikia mwangwi wa pembeni kwenye hedifoni, lakini traki inapokea sauti tupu. Mwangwi unachaguliwa upya wakati wa kuchanganya.

Masikioni, faraja ni ileile ya njia ya kwanza, ikiwa mashine imepangwa vizuri. Nasisitiza mpangilio, kwa sababu wengi huuongeza mwangwi wa hedifoni mpaka mwimbaji ajisikie yuko ukumbini, kisha hushangaa kwa nini noti zinayumba. Mwangwi mwingi huficha noti yenyewe. Sikio linasikia noti ya sasa ikiwa imechanganyika na ya nusu sekunde iliyopita, na mwimbaji hajui aegemee ipi. Pia humvuta nyuma ya mdundo. Ninachopendekeza ni mkia wa sekunde 1 hadi 1.5, kwa kiasi ambacho mwimbaji atauhisi ukiondolewa lakini hataugundua ukiwapo. Asiyetulia hata hivyo avue upande mmoja wa hedifoni ajisikie hewani, na upande uliovuliwa ubanwe kichwani ili mdundo usivujie kwenye maikrofoni.

Uhuru wa kubadili ni mkubwa, na huu ndio utajiri wa njia hii. Mwangwi hauwezi kupimwa vizuri ukiwa na sauti peke yake. Kinachoonekana kingi kwenye sauti tupu hupotea ngoma, besi na gitaa vikiingia, na kinachoonekana kidogo wakati mwingine huwa kingi mno kwenye ubeti wenye ala mbili tu. Ukiwa na sauti kavu unaamua wimbo mzima ukiwa mbele yako. Unaweza kuuchelewesha mwanzo wa mwangwi kwa milisekunde 20 hadi 40, ili neno lifike safi kabla mkia haujaanza. Milisekunde 30 ni sawa na sauti kusafiri njia ya kama mita 10, kwa hiyo sikio linapata hisia ya nafasi bila maneno kuzama. Unaweza kuondoa mawimbi ya chini ya hezi 200 au 300 kwenye mwangwi ili usigombane na besi, na kupunguza yaliyo juu ya hezi 6,000 hadi 8,000 ili s na ch zisirushe cheche. Urefu wa mkia nao unaweza kuufuatisha na mwendo wa wimbo: kwenye midundo 100 kwa dakika kila mdundo una milisekunde 600, na mkia unaoisha kabla ya mstari unaofuata kuanza huuacha wimbo upumue.

Kuna mapungufu mawili. La kwanza ni kwamba vinasa vidogo vingi vina mwangwi mmoja tu wa pamoja, kwa hiyo sauti na gitaa zitashiriki aina moja, zikitofautiana kwa kiasi tu. La pili ni la watu zaidi ya mashine: mwimbaji aliyeimba akisikia mwangwi akaja kuchezewa traki kavu huvunjika moyo na kudhani ameimba vibaya. Mchezee kila mara ukiwa umeurudisha mwangwi. Na ukihamisha faili kwenye kompyuta, andika aina ya mwangwi na urefu wake, maana faili hazitaubeba.

Kurekebisha ni kwepesi kuliko njia nyingine zote. Unaweza kuingiza neno moja, kuchagua mistari bora kutoka marudio kadhaa na kunyoosha noti, kisha mwangwi mmoja ukafunika viungo vyote. Vinasa vya Boss vinavyokuwekea traki za akiba nyuma ya kila traki vinaonyesha thamani yake hapa, kwani marudio yote yakiwa makavu yanaunganika bila kovu.

Traki inayotumika ni moja. Kwa biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, dakika tano za traki moja ni kama megabaiti 40, kiasi kisichosumbua kadi yoyote ya leo.

Inawafaa wanaoanza, wanaorekodi kwa vipindi vingi, waimbaji wa mistari ya haraka, na yeyote atakayemkabidhi mtu mwingine kazi ya kuchanganya. Haimfai sana asiye na muda wala hamu ya kukaa na wimbo baada ya kurekodi, kwa sababu uamuzi ulioahirishwa bado ni kazi, na nyimbo nyingi zimelala kwenye kadi zikiwa kavu zikisubiri siku hiyo.

Njia ya tatu: sauti kavu kwenye traki moja, mwangwi kwenye traki zake

Njia hii hukupa mwangwi ulionaswa bila kuichafua sauti. Kwa kawaida hufanywa baada ya kuimba. Unanyamazisha traki nyingine zote, unaituma sauti kwenye mwangwi kwa mpangilio usiofuata feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya traki), unashusha feda ya sauti, na kunasa mwangwi mtupu kwenye traki mbili. Mashine isiyoweza kutuma sauti bila kufuata feda inahitaji msaada wa kisanduku cha mwangwi cha nje: sauti inatoka kwenye tundu la kutuma, inapita kwenye kisanduku kilichowekwa kutoa mwangwi peke yake, na kurudi kupitia matundu mawili ya kuingizia. Ucheleweshaji mdogo wa njiani hauna tatizo hapa, kwa kuwa unafanya kazi ileile ya kuuchelewesha mwanzo wa mwangwi.

Masikioni mwa mwimbaji hakuna tofauti na njia ya pili, na kurekebisha nako ni kama huko mpaka traki za mwangwi zinaponaswa. Ukibadilisha neno baada ya hapo, mwangwi wa sehemu hiyo lazima unaswe upya, vinginevyo utasikia neno jipya likifuatwa na mkia wa neno la zamani.

Uhuru wa kubadili ni wa kati: aina na urefu vimefungwa, kiasi hakijafungwa. Hata hivyo kuna mambo ambayo njia nyingine hazikupi. Unaweza kuukata mwangwi ubeti mzima na kuurudisha kwenye kiitikio, kuukandamiza kwa ikwalaiza yake yenyewe, au kuuacha mkia wa neno la mwisho ukae hewani baada ya ala zote kunyamaza. Kwa usikivu wa maneno huu ni uwezo mkubwa, kwani unaamua mstari kwa mstari. Na unapozituma faili kwa fundi aliye mji mwingine, anapokea sauti safi pamoja na mwangwi halisi ulioukusudia. Akiupenda atautumia, na asipoupenda atauweka kando.

Gharama yake ni traki. Kwenye kinasa cha traki nane, mdundo uliotayarishwa tayari unachukua mbili, sauti kuu moja, mwangwi mbili, na zinabaki tatu tu kwa waitikiaji na gitaa. Kwenye kinasa cha traki 24, kama Zoom R24 au Tascam DP-24, suala hili halipo. Inamfaa mtu mwenye traki za kutosha, mwenye kisanduku cha nje anachokipenda, au mwenye kinasa chenye mwangwi mmoja anayetaka sauti iwe na wa kwake na gitaa lake. Kwa anayerekodi wimbo wake wa kwanza naona ni hatua nyingi mno.

Njia ya nne: mwangwi wa jengo lenyewe

Kabla ya kuwapo kisanduku chochote palikuwa na majengo. Studio za EMI kwenye barabara ya Abbey Road, London, zilizofunguliwa mwaka 1931, zilijulikana baadaye kwa vyumba vyao vya mwangwi. Bamba la chuma la EMT 140, ambalo hutetemeshwa na sauti ili litoe mwangwi, lililotoka Ujerumani mwaka 1957 likiwa na uzito wa takriban kilo 270, liliundwa ili studio isilazimike kuwa na chumba cha aina hiyo. Mwangwi ulio ndani ya vinasa vyetu vya mezani kwa sehemu kubwa huiga hivyo viwili, jengo na bamba. Mwenye nafasi ya kuingia kwenye jengo zuri lenyewe hana sababu ya kudharau bahati hiyo.

Kwaya ndizo zinazonufaika zaidi. Sauti thelathini zikiimba ndani ya kanisa la mawe, kama Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, lenye kuta za matumbawe zilizoanza kujengwa mwaka 1873, zinaungana hewani kabla ya kufika kwenye maikrofoni, na muungano huo hauigwi kirahisi kwa kuziimbisha sauti moja moja chumbani na kuzitia mwangwi wa mashine. Waimbaji hawahitaji hedifoni. Wanasikilizana, na wanarekebisha noti na nguvu zao kwa kufuata jengo. Kwa kigezo cha masikio ya mwimbaji hakuna njia inayoishinda hii, ikiwa hakuna mdundo ulionaswa kabla wa kufuatwa.

Ufundi wote upo kwenye umbali. Kwenye jengo la mita za ujazo 2,000 lenye mwangwi wa sekunde 2.5, mahali ambapo sauti ya moja kwa moja na mwangwi vinalingana ni kama mita 1.6 kutoka kwa anayeimba. Weka jozi ya maikrofoni karibu na kwaya, kisha jozi ya pili mbali zaidi ukumbini, kila moja kwenye traki yake. Hapo ndipo kinasa chenye matundu manane ya kuingizia kwa wakati mmoja, kama R16, hulipa gharama yake. Jozi ya mbali inakuwa feda yako ya mwangwi: ipandishe upate ukumbi, ishushe upate maneno. Kwa hiyo uhuru wa kubadili upo, ila una sakafu, kwa kuwa hata jozi ya karibu imelisikia jengo.

Kurekebisha ni kwa kurudia kifungu kizima, na ni lazima kufanyike siku hiyohiyo, watu wakiwa wamesimama palepale. Maneno hutegemea mwendo: pambio la haraka huzama kwenye jengo ambalo utenzi wa polepole unang'aa ndani yake, na mwalimu wa kwaya anayepunguza mwendo kidogo na kudai konsonanti kali husaidia kuliko maikrofoni yoyote ya ziada. Traki hutumika nne au zaidi.

Jengo pia lina wakati wake. Paa la bati wakati wa mvua halirekodiki, feni lazima zizimwe, na jenereta ya jirani huingia kwenye kila kimya. R16 na R24 hutumia betri sita za AA, jambo linalokuwezesha kurekodi umeme ukiwa umekatika na mtaa umetulia, ila maikrofoni zinazohitaji volti 48 humaliza betri upesi, kwa hiyo beba seti mbili.

Kuchagua kwa kufuata hali yako

Kama unarekodi peke yako nyumbani, kwenye chumba ulichokivalisha mablanketi, na unaimba au kuchana mistari ya haraka juu ya mdundo uliotengenezwa tayari, anza na njia ya pili. Utakaporudia mistari, na utarudia, sauti kavu itakuokoa, na mwangwi mfupi wenye mwanzo uliocheleweshwa utayaacha maneno wazi.

Kama ni chumba cha saruji tupu na huna cha kuning'iniza, sogea hadi sentimita 10 au 15 kutoka kwenye maikrofoni, weka kichujio cha pumzi, na uchague njia ya pili ukiwa na nia ya kuongeza mwangwi kidogo sana. Chumba kimeshatoa sehemu yake.

Kama ni mwimbaji wa taarab au kaswida anayevuta sauti, ala ni chache, na mnaijua vizuri sauti mnayoitafuta, njia ya kwanza inastahili kujaribiwa bila woga. Nasa kwanza kifungu kimoja, kisikilizeni nje ya hedifoni, kwenye spika ya kawaida na kwenye simu, ndipo mwendelee. Mkiwa na traki ya ziada na mashine inaruhusu, nasa sauti kavu sambamba.

Kama wimbo utachanganywa na mtu mwingine, mpe sauti kavu daima. Ukiwa na mwangwi unaoupenda kwa dhati, mpelekee na traki za mwangwi kwa njia ya tatu, uzipe majina yanayoeleweka. Usimpe sauti iliyotiwa mwangwi peke yake kwa matumaini kwamba ataupunguza.

Kama kinasa chako kina traki nane na wimbo una waitikiaji wanne, njia ya tatu itakubana. Wanase wote makavu, wachanganye kwenye traki mbili ukishawapanga vizuri, halafu watumie mwangwi wa pembeni kwa pamoja. Kabla ya kufuta traki zao za awali, hifadhi nakala ya mradi mzima kwenye kadi nyingine.

Kama ni kwaya na jengo lenu linavuma vizuri, nenda na njia ya nne, mapema asubuhi kabla ya kelele za mtaa. Ikiwa jengo ni ukumbi wa bati unaorudisha sauti kwa ukali, lifanye liwe na ushawishi mdogo: maikrofoni karibu, waimbaji katika nusu duara, vitambaa vizito nyuma yao, na mwangwi wa mashine uongezwe baadaye. Kwaya inayoimba na mwimbaji wa solo inaweza kuchanganya njia mbili bila ubaya, jozi za maikrofoni zikinasa kwaya pamoja na jengo, na mwimbaji wa solo akinaswa siku nyingine kwa sauti kavu, kisha akapewa mwangwi wa mashine ambao urefu wake umepimwa kwa kusikiliza mikia ya jengo kwenye traki za kwaya.